Upasuaji wa Uso Haukukuridhisha: Urudie, Usubiri au Uache? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa uso, iwe ni pua, taya, kope, mdomo uliopasuka, kovu la ajali au upande uliopooza, na matokeo hayakuwa aliyoyatarajia. Majibu yatakusaidia kupanga uamuzi wako. Hayachukui nafasi ya daktari anayeweza kukushika uso na kukupima. Maswali yana namba ili tukuelekeze kutoka jibu moja hadi jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Ni wiki ya sita tangu nipasuliwe na sipendi ninachokiona. Ndiyo imeharibika?

Wiki ya sita ni mapema mno kujua. Unachokiona sasa ni uvimbe, kovu changa na umbo lenyewe kwa pamoja, na hakuna anayeweza kuvitenganisha kwa macho. Kovu lolote hupitia kipindi kibaya kabla ya kutulia: katika miezi mitatu ya mwanzo huwa gumu, limeinuka na lina rangi iliyokolea, kisha hulainika na kufifia taratibu hadi mwezi wa 12, pengine wa 18. Uvimbe nao haupungui sawasawa. Shavu moja linaweza kutangulia lenzake kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi wanaposhtuka wakidhani uso umepinda.

Kazi yako kwa sasa ni kupiga picha mara moja kwa mwezi, kwa utaratibu ulioelezwa katika swali la 6. Picha hizo zitakufaa baadaye kuliko kumbukumbu yako.

2. Basi nisubiri muda gani kabla ya kuamua?

Inategemea sehemu iliyopasuliwa. Pua ihesabie angalau miezi 12. Mwenye ngozi nene, hasa kwenye ncha, asubiri miezi 18 hadi 24, kwa sababu ngozi nene hushikilia uvimbe muda mrefu. Kope kwa kawaida hupimwa upya baada ya miezi sita. Mfupa wa taya hushikana ndani ya wiki sita hadi nane, lakini misuli, uvimbe na namna meno yanavyokutana huendelea kubadilika, kwa hiyo tathmini ya haki hufanyika karibu na mwezi wa 12. Kovu la ngozi ni hivyo hivyo.

Tishu ambayo bado inajenga kovu hutoka damu zaidi na kushika nyuzi vibaya. Juu ya hilo, ukipasua wakati uvimbe upo unarekebisha kipimo ambacho baada ya miezi michache hakitakuwepo. Marekebisho mengi yanayohitaji marekebisho mengine yalianzia hapo. Hata hivyo kuna hali mbili ambazo kusubiri kunaharibu: dharura (swali la 3) na uso uliopooza (swali la 23).

3. Ni hali gani hazisubiri hata siku moja?

Nenda hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- Baada ya upasuaji wa kope au tundu la jicho, jicho linauma sana, linatokeza, au uoni unafifia. Huenda damu imekusanyika nyuma ya jicho, na neva ya uoni inaweza kufa ndani ya saa chache.
- Pua imeziba ghafla pande zote mbili na maumivu yanazidi badala ya kupungua. Damu iliyokusanyika kwenye ukuta wa kati hulinyima gegedu (tishu ngumu inayonyumbuka, inayoipa pua umbo) chakula. Likifa, mgongo wa pua unadidimia.
- Majimaji maangavu yenye ladha ya chumvi yanatoka upande mmoja wa pua, hasa unapoinama.
- Usaha, wekundu unaoenea, au homa ya nyuzi 38 na zaidi, hasa kama una kipandikizi ndani.
- Baada ya sindano ya kujaza (dawa inayodungwa chini ya ngozi kujaza mahali palipodidimia), ngozi imekuwa nyeupe au ina madoa ya zambarau, au jicho halioni vizuri.
- Jicho halifumbi, limekauka na mwanga unaliumiza. Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, inaweza kupata kidonda.
- Siku za mwanzo baada ya upasuaji wa taya, meno yaliyokuwa yakikutana chumba cha upasuaji sasa hayakutani. Kabla mfupa haujashikana, kosa hili ni rahisi kurekebisha.
- Umeamka na upande mmoja wa uso hautembei kabisa, na dawa ya ganzi imekwisha. Ikiwa neva imekatwa, ncha yake ya mbele huitikia umeme kwa takriban saa 72 tu, na katika muda huo ni rahisi zaidi kuitafuta na kuiunganisha.

4. Lazima iwe operesheni nzima tena, au inaweza kuwa kazi ndogo?

Kazi ndogo zipo. Kusaga kijinundu cha mfupa, kukata na kushona upya kovu fupi, kutoa skrubu inayochomoza, kupunguza upana wa tundu la pua: hizi mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya mahali na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kazi kubwa ni ile inayohitaji kufungua tena tabaka zote, kuvunja mfupa au kupandikiza gegedu chini ya nusu kaputi. Daktari akikuahidi kazi ndogo, muulize atafanya nini akikuta ndani hali ni tofauti, na kama umekubali hilo kwa maandishi.

## Kujua tatizo hasa ni lipi

5. Nitajuaje kama tatizo langu lina maana ya kupasuliwa tena?

Liandike kwa sentensi moja yenye mahali, upande na kazi iliyoathirika. "Pua yangu mbaya" haimsaidii mtu yeyote. "Tundu la kulia hujifunga ninapovuta pumzi kwa nguvu" ni tatizo linaloweza kupimwa, kuchorewa mpango na kuhukumiwa baadaye kama limetatuliwa.

Vipimo vichache unaweza kuvifanya nyumbani. Kwa pua, vuta shavu pembeni taratibu kwa kidole kisha vuta pumzi. Hewa ikipita vizuri ghafla, huenda udhaifu uko kwenye kuta za pembeni, ingawa kipimo hiki peke yake hakitoshi. Kwa kope, fumba macho kwa upole kana kwamba umelala, mtu akupime kwa rula ni milimita ngapi zimebaki wazi. Kwa taya, uma kipande cha karatasi nyembamba kwa meno ya nyuma, kulia kisha kushoto, ukivute. Upande ambao karatasi inatoka bila kuchanika, meno hayakutani. Kwa kaakaa, weka kioo kidogo chini ya pua useme "papa" na "baba". Kioo kikipata mvuke, hewa inavujia puani pale isipopaswa.

Ukishaandika malalamiko, yapange kwa uzito, yasizidi matatu. Kisha jiulize: kama la kwanza tu litatengenezwa na mengine mawili yabaki vilevile, ningekubali kupasuliwa? Jibu likiwa hapana, bado hujafika mahali pa kuamua, kwa sababu mara nyingi ndivyo itakavyokuwa.

6. Kwenye kioo niko sawa, kwenye picha naona pua kubwa na uso umepinda. Kipi ni kweli?

Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, na umeuzoea uso wako uliogeuzwa hivyo tangu utotoni. Picha inapouonyesha kama wengine wanavyouona, kila tofauti ndogo ya pande mbili inaonekana mara mbili. Simu nayo ina lake: ikishikwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi, pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita 1.5. Hiyo ni hesabu ya umbali tu, daktari hana lawama.

Ili picha iwe ushahidi, simama mita 1.5 kutoka kwenye kamera, kamera iwe usawa wa macho, na tumia ukuzaji wa mara mbili badala ya lenzi pana. Mwanga wa dirisha uje kutoka mbele. Nywele nyuma, bila vipodozi, uso umetulia. Piga sita: mbele, ubavu wa kulia na wa kushoto, robo tatu ya kulia na ya kushoto, na moja kutoka chini kichwa kikiwa kimeinuliwa. Kama tatizo ni misuli, ongeza nne: ukitabasamu, ukifumba macho kwa nguvu, ukiinua nyusi, na ukijaza hewa mashavuni.

7. Ndugu na marafiki wote wananiambia niko sawa. Wananidanganya?

Huenda wanakupenda, huenda hawaoni kitu, na swali la "niko sawa?" halitofautishi. Waonyeshe picha mbili zilizopigwa sawasawa, ya kabla na ya sasa, bila kusema lolote, waulize wanaona nini. Wasipotaja kile kinachokusumbua, zingatia hilo.

8. Nafikiria uso wangu kutwa nzima. Hiyo si sababu tosha ya kurudi kwa mpasuaji?

Ni sababu ya kusimama kwanza. Kuna ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone kasoro kubwa mahali ambapo wengine hawaoni kitu, au wanaona jambo dogo tu. Huwapata takriban watu 2 kwa kila 100, na miongoni mwa wanaotafuta upasuaji wa urembo idadi ni kubwa zaidi. Dalili zake: kuiwaza kasoro zaidi ya saa moja kwa siku, kujitazama kila kioo au kukwepa vioo vyote, kuahirisha kazi na sherehe kwa sababu ya sura, na lalamiko linalohama. Pua ikitengenezwa, sasa ni kidevu. Kidevu kikitengenezwa, sasa ni macho.

Kwa mwenye hali hii upasuaji mara chache huleta nafuu, na mara nyingi huongeza mateso. Kinachosaidia ni tiba ya mazungumzo inayofanya kazi na mawazo na mazoea, pamoja na dawa za kundi la kuongeza serotonini, ambazo huhitaji wiki kadhaa, mara nyingi 12, kabla ya kuhukumiwa. Daktari akikutuma kwa mtaalamu wa saikolojia hajakutukana. Anayepaswa kukutia wasiwasi ni yule ambaye hakuuliza lolote kuhusu usingizi wako, kazi yako na siku zako zinavyokwenda.

Mambo mawili yanaweza kuwepo pamoja: kope iliyovutwa chini kweli, na huzuni nzito juu yake. Hapo vyote viwili vinatibiwa, na huzuni ikitangulia kutibiwa, uamuzi kuhusu kope huwa mwepesi.

## Hatari na mipaka ya upasuaji wa kurudia

9. Kwa nini mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza?

Kwa sababu ya kovu la ndani. Tabaka ambazo awali ziliteleza moja juu ya nyingine sasa zimegandana kama kurasa za kitabu kilicholowa, na kuzibandua bila kuzichana ni kazi ya polepole. Mishipa ya damu iliyokatwa mara ya kwanza haikurudi yote, kwa hiyo ngozi inavumilia kidogo. Neva zimehama mahali pake. Gegedu lililotolewa halipo tena. Operesheni huchukua muda mrefu zaidi, na mara nyingi mpasuaji hujua hali halisi akiwa ameshafungua.

Hata hivyo kurudia si jambo la ajabu. Kwa pua, takwimu zinazotajwa sana ni wagonjwa kati ya 5 na 15 kwa kila 100.

10. Daktari anasema pua yangu inahitaji gegedu. Litatoka wapi?

La kwanza ni la ukuta wa kati wa pua: limenyooka, ni imara, na halihitaji jeraha jipya. Tatizo ni kwamba mara nyingi limeshatumika, na lazima ibaki fremu ya takriban sentimita moja juu na mbele ili pua isidondoke. La pili ni la sikio. Limepinda na ni laini, zuri kwa ncha na kuta za matundu, duni kwa kunyanyua mgongo wa pua. Umbo la sikio kwa kawaida halibadiliki.

La tatu ni la ubavu, ambalo ni jingi na lenye nguvu, na pua iliyodidimia vibaya kwa kawaida haina njia nyingine. Gharama yake ni kovu kifuani, maumivu ya kupumua kwa siku au wiki kadhaa, uwezekano mdogo wa kutoboa utando wa pafu, na tabia ya gegedu hilo kujipinda baadaye. Kwa watu wa umri mkubwa huanza kuwa mfupa na kuchongeka kwa shida. Vipandikizi vya viwandani vinakuepusha na jeraha la pili, lakini vinaweza kuambukizwa au kuchomoza kwenye ngozi hata baada ya miaka, na ngozi nyembamba iliyokwisha kupasuliwa ndiyo hasa isiyovihimili.

11. Ni vitu gani havirekebishiki hata kwa daktari bora?

Kovu halifutwi. Linaweza kuhamishiwa kwenye mkunjo wa asili, kupunguzwa upana au kubadilishwa mwelekeo. Mkato wa umbo la Z wenye pembe za nyuzi 60, kwa nadharia, hurefusha mstari wa kovu kwa karibu asilimia 75. Ndiyo maana hutumika pale kovu linapovuta mdomo au kope. Ngozi iliyoshonwa haifiki tena nguvu ya awali. Hukomea karibu asilimia 80. Ngozi nene haitaonyesha ncha nyembamba hata gegedu la chini lichongwe vipi. Na hakuna uso wenye pande mbili zinazolingana kabisa, hata ambao haujawahi kuguswa.

12. Nina keloidi. Nikikata kovu si litarudi?

Kwanza hakikisha ni keloidi. Kovu lililoinuka lakini limebaki ndani ya mipaka ya jeraha mara nyingi hupungua lenyewe. Keloidi huvuka mipaka na kuendelea kukua. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, hurudi mara nyingi, wakati mwingine ikiwa kubwa zaidi. Kwa hiyo kukata huambatanishwa na sindano za steroidi kila wiki nne hadi sita, silikoni ya kubandika kwa saa 12 au zaidi kila siku kwa angalau miezi mitatu, na kwa keloidi sugu, mionzi inayoanza ndani ya siku moja au mbili baada ya kukata.

Jambo linalosahaulika: katikati ya uso, yaani kope na pua, keloidi ni nadra, lakini kifua, masikio na ukingo wa taya ni maeneo yake. Mtu anayeota keloidi akitolewa gegedu la ubavu anaweza kupata pua nzuri na kovu baya kifuani. Mwambie daktari kabla hajachagua pa kukata.

13. Midomo na kidevu vimekufa ganzi tangu upasuaji wa taya. Nipasuliwe tena ili kuirudisha hisia?

Mara nyingi hapana. Neva ya taya la chini huvutwa mfupa unapopasuliwa, na hukua upya kwa takriban milimita moja kwa siku. Kuchomachoma na kuwashwa ni dalili njema. Hisia huendelea kurudi hadi mwaka na zaidi, ingawa kwa wengine hubaki sehemu ndogo isiyohisi. Ikiwa karibu na mwezi wa tatu huhisi chochote kabisa, hata mguso mzito, omba kuonana na mtaalamu wa upasuaji wa neva za uso, maana kushona neva baada ya muda mrefu hakuna faida kubwa.

14. Navuta sigara. Inahusiana vipi?

Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyokwisha kupasuliwa ina mishipa michache. Matokeo yake ni ngozi kufa ukingoni mwa jeraha. Acha angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Sigara za kielektroniki, ugoro, na vibandiko vya nikotini vinahesabika. Taja pia aspirini, ibuprofeni, vidonge vya mafuta ya samaki na dawa za mitishamba unazotumia. Nyingi huongeza kutoka damu, lakini usiache dawa ya moyo bila kumuuliza aliyekuandikia.

## Daktari, nyaraka na pesa

15. Nirudi kwa daktari yuleyule au nitafute mwingine?

Yuleyule anajua alichokata, alichoacha na alichoweka, na hilo si jambo dogo. Mrudie kwanza hata kama hatakufanyia yeye, upate maelezo yake. Ondoka ikiwa anakataa kuona tatizo unaloweza kulionyesha kwenye picha, ikiwa kazi inayohitajika (kwa mfano gegedu la ubavu) haifanyi mara kwa mara, au ikiwa anakuharakisha. Imani ikishavunjika kabisa, usilazimishe.

16. Nibebe nini ninapoenda kuonana na daktari mpya?

Ripoti ya upasuaji, yaani ile inayoandikwa baada ya operesheni ikieleza hatua zote. Muhtasari wa kuruhusiwa hautoshi. Ongeza stika za vipandikizi na bamba za titaniamu zenye namba za toleo, picha za kabla, CT skeni (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) kwenye diski badala ya karatasi peke yake, rekodi ya nusu kaputi, na modeli za meno kama ulifanyiwa taya. Omba kwa maandishi idara ya kumbukumbu. Bila ripoti hiyo daktari mpya atalazimika kubahatisha ni gegedu gani limebaki, na mpango wake utakuwa na "kama" nyingi.

17. Nimuulize nini?

Haya ndiyo yenye uzito: Je, unaona tatizo ninaloliona? Limesababishwa na nini? Nisipofanya lolote litabaki hivi au litazidi? Matokeo ya kawaida ni yapi, tukiacha yale bora? Kati ya wagonjwa wako wa kurudiwa, wangapi ulilazimika kuwafungua tena? Nini kinaweza kuwa kibaya kuliko sasa? Likitokea, nani atalishughulikia na kwa malipo ya nani?

Omba picha za wagonjwa waliorudiwa, za mwaka mmoja baada ya upasuaji. Picha za wiki ya sita hazina maana kwa sababu zilizoelezwa katika swali la 1. Na mtazame anavyojibu swali la kwanza. Anayelikubali tatizo kabla hujamaliza kulieleza amelikubali haraka mno.

18. Madaktari wawili wamenipa majibu yanayopingana. Nimwamini nani?

Angalia wanapingana wapi. Wakikubaliana juu ya chanzo ila wakatofautiana njia, hiyo ni kawaida, na wote wanaweza kuwa sahihi. Wakitofautiana juu ya chanzo chenyewe, kinachohitajika ni kipimo (kamera ya ndani ya pua, CT skeni, kipimo cha neva), si kura ya tatu. Ukitafuta maoni mengine, usimwambie daktari wa tatu wenzake walisema nini hadi amalize kukupima.

19. Nani analipa?

Bima nyingi hutenganisha kazi ya mwili na sura. Kuziba kwa pua, jicho lisilofumba na meno yasiyokutana yana nafasi kubwa zaidi ya kulipiwa yakiwa na vipimo vilivyoandikwa kabla ya upasuaji. Kwa malipo yako mwenyewe, omba mchanganuo: daktari, chumba cha upasuaji, nusu kaputi, kitanda, vipandikizi, ziara za baadaye. Weka akiba ya kando kwa ajili ya maambukizi au kurudishwa chumba cha upasuaji. Anayetumia senti yake ya mwisho kwenye operesheni huchelewa kwenda hospitali tatizo linapotokea.

## Njia nyingine

20. Sindano za kujaza zinaweza kuficha kasoro badala ya kisu?

Kwa shimo dogo, kovu lililodidimia au shavu moja lililo bapa, ndiyo, na zile za asidi ya hayaluroniki zinaweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya usipopenda matokeo. Lakini pua iliyokwisha kupasuliwa ni mahali pa hatari. Mishipa ya damu imehama na imebanwa na kovu, na dawa ikiingia kwenye mshipa ngozi inaweza kufa au jicho kupofuka. Asiyekuwa na kimeng'enya hicho tayari mezani asikuguse. Epuka kabisa mafuta ya silikoni ya kudunga, hayatoki tena.

Njia nyingine: leza kwa wekundu wa kovu, sindano ya kulegeza misuli kwa tabasamu lililopinda (hudumu miezi mitatu hadi minne), mazoezi na mtaalamu wa usemi, vipodozi vya kufunika, na kinga ya jua ya kila siku kwenye kovu.

21. Nikiamua kuacha kabisa, nitajuta?

Wapo wanaojuta kuacha na wapo wanaojuta kurudia. Tofauti ni kwamba uamuzi wa kuacha unaweza kuubadili mwakani. Tatizo lisilozidi na lisilozuia kupumua, kula, kusema au kufumba jicho linaweza kuachwa bila madhara ya kiafya. Jiwekee tarehe ya kulitazama upya, mfano baada ya miezi sita, na katikati yake usipime wala kutafuta madaktari wapya. Hilo pekee hupunguza uzito kwa watu wengi.

## Hali za pekee

22. Mtoto wangu alishonwa mdomo uliopasuka na kovu linaonekana. Arudiwe sasa?

Uso wa mtoto bado unakua, na kila kovu jipya linaweza kuzuia ukuaji. Kwa hiyo kazi hufuata ratiba. Mdomo hushonwa karibu miezi 3 hadi 6, kaakaa karibu miezi 9 hadi 18, mfupa wa ufizi hupandikizwa karibu miaka 8 hadi 11 kabla jino la chonge halijatoka, na pua na taya hukamilishwa ukuaji ukiisha, wasichana kwa kawaida wakitangulia wavulana. Usemi wa puani hausubiri ratiba ya sura. Mpeleke kwa mtaalamu wa usemi mapema. Ukubwa wa mtoto ukiruhusu, naye aulizwe. Mara nyingi kinachomsumbua si kile kinachomsumbua mzazi.

23. Nimepooza upande mmoja wa uso. Mbona mimi naambiwa niwahi?

Kwako saa inakimbia upande mwingine. Msuli usiopata neva hudhoofika, na baada ya takriban miezi 12 hadi 24 hauwezi tena kuamshwa. Kabla ya hapo neva nyingine inaweza kuunganishwa kuufufua. Baadaye lazima uletwe msuli mwingine, mara nyingi wa paja, au kuhamishwa kano ya msuli wa kutafunia. Kama upasuaji wa kwanza haukuleta dalili yoyote ya kutikisika ndani ya miezi sita hivi, omba kipimo cha umeme wa misuli na rufaa bila kusubiri mwaka. Wakati huohuo linda jicho: matone mchana, mafuta ya jicho na kuzibandika kope usiku.

24. Taya lilikaa vizuri, sasa linarudi lilikokuwa. Lipasuliwe tena?

Usikubali kabla chanzo hakijajulikana. Linaweza kurudi kwa mvuto wa misuli, kwa waya za meno zilizotolewa mapema, au kwa sababu kichwa cha mfupa kwenye kiungo cha taya kinaliwa. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuogopa. Zinahitajika picha mbili au zaidi zilizopigwa kwa kupishana miezi sita au zaidi, zilinganishwe. Kiungo kikiwa bado kinapungua, operesheni mpya itarudi kama ya kwanza. Kikiwa kimetulia, wakati mwingine waya za meno pekee zinatosha.

25. Hii itakuwa mara ya tatu au ya nne. Kuna kikomo?

Hakuna namba iliyowekwa. Mtu wa mdomo uliopasuka anaweza kuwa na operesheni nyingi zilizopangwa na zote zikawa na maana. Angalia mwelekeo: kila moja ilitatua kile ilichokusudia? Kama ya pili ilikuwa kurekebisha ya kwanza, na ya tatu kurekebisha ya pili, tishu zinaisha. Ngozi iliyong'aa na kuwa nyembamba, inayobadilika rangi kwenye baridi, ni ishara kwamba damu haitoshi. Rudi pia kwenye swali la 8.

26. Madaktari watatu wamekataa kunipasua. Nitafute wa nne?

Waulize waliokataa sababu, waandike. "Bado mapema" ni tofauti na "tishu hazitahimili", na zote ni tofauti na "sioni tatizo". Ya kwanza inaisha kwa muda. Wakitaja sababu moja wote watatu bila kuwasiliana, wa nne atakayekubali haraka inafaa umuulize ameona nini ambacho wenzake hawakuona.

27. Tarehe imepangwa wiki ijayo na nimeanza kusita. Niahirishe?

Hofu ya nusu kaputi au ya maumivu ni ya kawaida na haimaanishi uamuzi ni mbaya. Lakini kama hujapata ripoti ya upasuaji wa kwanza, kama huwezi kusema kwa sentensi moja kitakachofanywa, kama umevuta sigara ndani ya wiki nne, kama una kikohozi, homa au kipele usoni, au kama mtu mwingine ndiye anayeitaka kuliko wewe, ahirisha. Piga simu mapema, maana vituo vingi hukata sehemu ya malipo ukichelewa. Fomu ya kukubali uliyosaini haikufungi. Unaweza kusema hapana hadi dakika ya mwisho kabla ya kulazwa usingizi, na timu iliyozoea kazi hii haitakushangaa.